Mpasuo wa Katikati

Zulmira aliposhuka kwenye treni Coimbra, kitu cha kwanza alichokiona ni vijana wengi waliovaa nguo nyeusi. Wavulana kwa wasichana, suti nyeusi, shati jeupe, tai nyeusi, na mabegani majoho mazito meusi yanayofika karibu na viatu. Akawaza, hapa pana msiba. Lakini wafiwa gani hawa wanaocheka, wanaowapanga wanafunzi wageni mstari mbele ya kibanda cha kahawa na kuwaimbisha kama watoto wa chekechea?

Mvua ilikuwa inanyesha, ile mvua ya Oktoba ya kule, nyembamba, isiyo na kelele, mtu huidharau mpaka maji yamwingie viatuni. Zulmira alikuwa amevaa gauni jepesi la rangi ya ndizi mbivu na sweta alilofumiwa na shangazi yake, nguo za mtu aliyetoka Timor Mashariki, ambako baridi ni habari ya kusikia. Begi lake kubwa lilikuwa limevunjika gurudumu huko Lisbon. Alikuwa analiburuta kama mtu anayemvuta mbuzi asiyetaka kwenda mnadani.

"Nikusaidie, bibie?"

Alikuwa mmoja wa wale wa majoho. Mrefu, nywele zimelowa na kumlalia kwenye paji la uso, kidevuni ana kijikato cha wembe wa asubuhi. Alitabasamu. Zulmira alimtazama mikono kabla ya kumtazama uso, maana ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Mikono ilikuwa misafi. Pete hakuna. Lakini pete huvuliwa.

"Asante, naweza."

"Naona. Tatizo ni kwamba begi ndilo linalokuvuta wewe."

"Linanijua. Wewe halikujui."

Kijana alicheka, akashika mpini. Zulmira naye hakuuachia. Basi wakapanda mlima wa Coimbra hivyo hivyo, wawili na mpini mmoja, ngazi baada ya ngazi, vichochoro vilivyobanana, watu wakiwapisha na kuwageukia. Akamwambia jina lake ni Duarte, anasoma uhandisi, mwaka wa nne, kwao ni Seia, milimani. Zulmira alimtajia jina lake na somo lake, ufamasia, akaishia hapo. Alikuwa na sababu. Dada yake Natércia alitangulia kuja Ureno, akaishi Porto, akachumbiwa na mwanaume mwenye maneno matamu, na siku alipokwenda kumshtukiza kazini akaelekezwa nyumbani kwa mke na watoto. Natércia alirudi Timor amekonda, na mpaka leo akicheka anacheka kwa mdomo tu. Ndiyo maana mama yao, kabla ya kumruhusu mdogo aondoke, alimwekesha mkono juu ya msalaba na kumwapisha: mwanaume wa kwanza akikudanganya, usingoje akudanganye mara ya pili, funga mizigo urudi nyumbani, masomo yatapatikana kwingine. Zulmira aliapa. Na yeye hakuwa mtu wa kuapa kisha akasahau.

Mvua ilipozidi, Duarte alivua joho akamfunika mabegani bila kuomba ruhusa. Lilikuwa zito, lina joto la mwili wa mtu, lina harufu ya moshi wa kuni. Zulmira alitaka kulikataa, lakini meno yalikuwa yanagongana, akanyamaza.

Simu ya Duarte ikaita. Akaitoa, akaitazama, akairudisha mfukoni. Zulmira aliliona jina: Leonor. Wakafika mlangoni kwa mwenye nyumba wake, Dona Hermínia, nyuma ya kanisa kuu la zamani, na simu ikaita tena. Safari hii alipokea, akageuka pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Nakuja, nakuja sasa hivi." Akambusu Zulmira shavu hili na shavu lile kama wafanyavyo watu wa kule, akashuka zile ngazi mbio. Joho akaliacha.

Dona Hermínia alikuwa ameshayaona yote kupitia pazia. Alikuwa mjane aliyepangisha vyumba vya wanafunzi miaka mingi, na macho yake yalikuwa makali kuliko kufuli zake. Aliligusa lile joho, akaligeuza mgongo, akasema, "Hm."

*

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu kwa Zulmira. Kireno alikijua, alikisoma tangu utoto, lakini watu wa Coimbra walikuwa wanakimeza nusu, na walimu walimeza zaidi. Alikuwa anatoka darasani na daftari lenye maneno ya mwanzo wa sentensi tu. Alipotea kwenye zile ngazi mara nyingi kiasi kwamba mwuza chestinati, zile kokwa za kuchoma, wa pale chini alianza kumsalimia kwa jina. Chooni alikuwa anafungua bomba kwanza ndipo alie, ili Matilde asisikie. Matilde alikuwa mpangaji mwenzake, msichana wa Aveiro, mcheshi, mwenye miwani mikubwa na maswali makubwa zaidi. Alisikia. Ila alijifanya hasikii, na kila Zulmira alipotoka alikuta chai mezani.

Ni huyo Matilde aliyempa Duarte namba ya simu ya Zulmira.

"Vipi joho langu, linaendeleaje?" Duarte aliuliza jioni ya kwanza aliyopiga.

"Limelala. Lilichoka."

"Linakula?"

"Linakula supu ya kabichi ya Dona Hermínia kama mimi. Limeanza kunenepa. Njoo ulichukue kabla halijakataa kukutoshea."

"Acha likae kwanza. Nikilichukua nitapiga simu kwa sababu gani?"

Zulmira alijikuta anatabasamu peke yake mbele ya kioo, akakasirika na kuufuta uso. Siku zilizofuata walizungumza kila jioni. Walikutana mtoni, wakatembea chini ya miti inayopukutika, yeye na koti la Matilde lililomzidi mikono, Duarte akiwa amevaa sweta la kijivu lenye kiwiko kilichochakaa. Zulmira alimpa jina la Padri kwa ajili ya zile nguo nyeusi za siku ya kwanza. Duarte naye alimwita Polisi, kwa sababu kila neno alilosema lilipata swali. Alimweleza habari za bibi yake, Deolinda, aliyemlea tangu wazazi walipokwenda kutafuta kazi Ufaransa, mwanamke wa jibini na kondoo ambaye siku hizi alikuwa anakaa kitini akimwita Duarte kwa jina la marehemu babu yake. Alilisema hilo akitazama maji. Moyo wa Zulmira ukamwendea.

Lakini macho yake yaliendelea na kazi. Duarte akiweka simu mezani, aliilaza kifudifudi. Siku moja iliita akaikata. Zulmira hakuuliza Leonor ni nani. Alitaka kuona kama atasema mwenyewe. Hakusema.

Jumamosi, akiwa peke yake, alilitandika joho kitandani ili alikunje vizuri, na ndipo alipoona. Limechanika. Upindo wote wa chini ulikuwa na mipasuo, mingine mifupi, mingine mirefu kama kiganja, kushoto, kulia, na mmoja katikati kabisa, nyuma, mrefu kuliko yote. Kingo zilikuwa zimenyonyoka nyuzi. Akamhurumia. Kumbe mtu mwenyewe hana hata wa kumtia mshono. Mama yake Zulmira alikuwa fundi cherehani mjini Baucau, Timor, na kwao nguo uliyoazimwa hairudishwi na tundu, hata kama uliipokea nalo. Kuirudisha hivyo ni kumwambia mwenyewe, umasikini wako nimeuona nikaupita.

Akaenda kumwomba Dona Hermínia uzi mweusi.

"Wa joho?" mama mwenye nyumba aliuliza.

"Ndiyo."

Dona Hermínia alimtazama kidogo, akafungua kopo la sindano, akampa kibiringo kizima. "Enhe," alisema. "Wakati wake umefika." Akarudi kwenye sufuria yake.

Zulmira alijiuliza wakati wa nini, lakini hakuuliza. Alishona mchana kutwa karibu na dirisha, mshono wa ndani, ule wa mama yake, ambao ukiupitisha kidole huuhisi. Kila mpasuo aliufunga na sala fupi moyoni. Alipomaliza, joho lilikuwa kama limetoka dukani.

*

Alimpelekea Jumatatu, pale uwanjani ambako wanafunzi hukaa vibandani kunywa kahawa. Duarte alikuwa na wenzake, wote wamevaa nyeusi. Zulmira alikuwa amevaa sketi yake nzuri, ya bluu, na amejipaka rangi ya mdomo ya Matilde. Alimkabidhi joho limekunjwa, akasimama kando akingoja.

Duarte alilitikisa ili alivae, na mkono wake wa kushoto ukashuka kwenye upindo kama mkono wa mtu anayetafuta swichi ya taa chumbani kwake. Ukatafuta. Ukarudia. Akalileta joho karibu na macho.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," Zulmira alisema, bado anatabasamu.

"Yote?"

"Yote. Hakuna uliobaki."

Mmoja wa wenzake, Tomé, kijana mnene mwenye sauti ya mnadi, aliligeuza joho mgongo, akapiga meza. "Jamani, njooni muone. Mdogo wetu kamfungia Leonor nje kwa sindano na uzi." Meza nzima ikacheka. Duarte hakucheka. Alimtazama Zulmira kwa macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo, ya mtu anayehesabu upya alichokuwa nacho.

"Nani kakufundisha?" alimwuliza.

"Mama yangu."

"Siulizi kushona."

Akalikunja joho, akaliweka kwapani, akaondoka. Zulmira alibaki amesimama na rangi yake ya mdomo katikati ya watu waliokuwa wanacheka jambo asilolijua.

Matilde ndiye aliyemweleza jikoni, akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Joho la Coimbra halichaniki kwa umasikini, shoga yangu. Linachanwa na watu, kwa mkono au kwa meno, mkasi hauruhusiwi. Upande wa kushoto wanachana ndugu wa nyumbani. Kulia wanachana marafiki. Katikati, nyuma, anachana mpenzi. Mtu anatembea na watu wake mgongoni mpaka anamaliza chuo, na wengine huzikwa nalo.

"Na ukishona?"

"Unashona wa katikati tu, mapenzi yakiisha. Ndiyo tangazo lenyewe. Mwingine haushonwi. Ukishona wa kushoto ni kama umewakana waliokuzaa." Matilde alishusha pumzi. "Zulmira, ulipoukuta ule wa katikati, ulikuwa wazi?"

"Wazi kabisa. Mrefu kuliko yote."

Matilde alivua miwani akaanza kuifuta. Zulmira alikuwa ameshaelewa. Mpasuo ulioachwa wazi ni wa mapenzi yaliyo hai. Leonor wa kwenye simu alikuwa mwenye mpasuo. Na yeye alikuwa amefunikwa mvuani kwa nguo iliyochanwa na mwanamke mwingine, akashukuru, akaisalia kila mshono.

Alimpigia Duarte. Simu haikupokelewa. Akapiga tena jioni, hivyo hivyo.

Duarte naye alikuwa na lake. Alikuwa amekaa chumbani kwake, ameligeuza joho kwenye mwanga wa dirisha, anautafuta mpasuo wa bibi Deolinda, na hauoni. Bibi aliuchana kwa meno machache yaliyombakia, siku ambayo akili yake ilikuwa bado nzima, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni. Sasa hata mahali ulipokuwa hapaonekani. Tomé alikuwa amekaa kwenye kochi anamwaga sumu bila kujua ni sumu. Alisema hakuna mtu wa Coimbra asiyejua habari za joho. Uzi bila shaka umetoka kwa Dona Hermínia, ambaye amelea vizazi vya wanafunzi. Msichana alijua. Alitaka kumfuta Leonor, akaona afute na wengine ili aonekane hajui. Duarte alimwambia anyamaze. Lakini neno lilikuwa limeshaingia, na usiku halikumtoka.

Basi kila mmoja akawa anamtilia mwenzake shaka kwa sindano ile ile.

*

Asubuhi, ambayo Baucau ilikuwa jioni, Zulmira alimpigia mama yake akamweleza yote bila kuficha. Mama hakumfokea. Alimwuliza kama kiapo anakikumbuka. Zulmira akasema anakikumbuka. Mama akasema basi anajua la kufanya, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na mabinti wawili kwa wakati mmoja.

Alilitoa begi chini ya kitanda. Akapanga nguo. Akafika kwenye vitabu vya ufamasia, vile alivyoviota tangu alipokuwa anauza tembe za malaria kwenye duka la mjomba wake, akavishika, akaviweka mezani, akavishika tena. Alisimama hapo muda. Kisha akapiga magoti, akamwomba Mungu amwonyeshe uongo uko wapi, maana hakutaka kumhukumu mtu kwa kitambaa. Alipoinuka alikwenda kumtafuta Leonor.

Hakuwa mbali. Alikuwa mwaka wa mwisho kitivo hicho hicho cha ufamasia, msichana mwembamba mwenye nywele fupi na koti jeupe la maabara. Zulmira alimkuta anaosha mirija. Alimsalimia kwa heshima, akamwuliza moja kwa moja kama Duarte ni mtu wake, na simu za siku ile ya mvua zilikuwa za nini.

Leonor alifunga bomba. "Wewe ndiye fundi?" Habari zilikuwa zimemfikia. Alimtazama Zulmira juu mpaka chini, bila ubaya. Akamwambia waliachana mwezi wa sita, na aliyeacha ni yeye Leonor. Alipopiga simu siku ile ya mvua alikuwa anatafuta funguo za ukumbi wa kuwapokelea wageni, Duarte alikuwa nazo, na hata sasa hajazirudisha zote.

Zulmira alianza kumshukuru. Lakini Leonor hakuwa amemaliza.

"Mimi nilimwambia aushone. Nilimwambia mara nyingi. Hakuushona. Kwa nini hakuushona, dada, hilo mimi silijui, na ningekuwa wewe ningemwuliza yeye." Akafungua bomba. "Halafu muulize akiwa amekaa. Akisimama anakimbia."

Zulmira alitoka nje akapiga simu, na mara hii Duarte alipokea.

"Lete joho," alimwambia. "Kwa Dona Hermínia, mchana. Ukitaka tusionane tena, basi litume, lakini lazima lifike."

*

Duarte alilileta mwenyewe. Alikuja na suti na tai, amenyoa, macho mekundu. Zulmira alikuwa amevaa lile gauni la rangi ya ndizi, la safari, na Duarte alipoliona alielewa maana yake. Dona Hermínia alikuwa mezani anamenya viazi. Matilde alimkonyeza mama wa watu atoke, lakini Dona Hermínia alisema jikoni ni kwake na viazi haviwezi kungoja mapenzi ya mtu. Matilde akaondoka peke yake.

"Keti," Zulmira alisema.

Akaketi. Zulmira alilitandaza joho mezani mbali na maganda, akachukua sindano, akaanza na upande wa kushoto. Aliiingiza ncha ndani ya mshono wake mwenyewe, akainua, akavuta. Uzi ukatoka mzima, mrefu, bila kugusa kitambaa.

"Unafanya nini?" Duarte aliuliza.

"Nafungua. Niliunganisha tu, sikukata kitu. Kilichokuwepo kipo."

Mpasuo wa kwanza ulifunguka, na kingo zake zikatokeza na vijinyuzi vyake vyote, vimejikunja, vina alama za kung'atwa. Duarte aliinama. Akauweka kidole pale, akakiacha. Hata kisu cha Dona Hermínia kilisimama.

"Ndio huu," alisema Duarte.

Zulmira alimweleza kwao nguo ya kuazima inarudishwaje, akamweleza huku anafungua, bila kuinua macho. Dona Hermínia naye akasema lake, kwamba alidhani kijana kamtuma msichana amfungie ule wa katikati, maana vijana wote hufika mahali wakaja kuomba uzi, na kama angejua anafunga yote angemnyang'anya sindano. Duarte alisikiliza. Kisha akakiri kwamba alimshuku, alidhani kafanya kwa makusudi, na kwamba maneno yalikuwa ya Tomé lakini masikio yalikuwa yake.

Nyuzi zilikuwa zimejaa mezani. Zulmira alimaliza kushoto, akamaliza kulia. Akafika katikati, akailaza sindano.

"Huu ulikuwa wazi," alisema. "Leonor aliondoka mwezi wa sita. Kwa nini uliuacha wazi?"

Duarte alimtazama Dona Hermínia. Dona Hermínia alimtazama yeye.

"Sijui kushona," alianza.

"Hilo ni kweli, lakini silo nililouliza."

Kijana alilegeza tai. Zulmira aliona anatafuta mlango wa kutokea, akaona pia alipouacha.

"Nilikuwa namsubiri arudi," Duarte alisema. "Niliona nikishona, nimekubali. Siku ile stesheni, mvua inanyesha, nilipokufunika, bado nilikuwa namsubiri. Simu ilipoita nilikimbia vile kwa sababu nilidhani ananiita mimi. Kumbe funguo."

Maneno yale yalimkata Zulmira, na hakuficha. "Na ukanipigia jioni kuniuliza habari za joho."

"Ndiyo."

"Na mtoni?"

"Mtoni sikuwa namsubiri tena. Lakini sikujua kama nimeacha. Nimejua jana, pale uwanjani. Nilipoliona joho limefungwa nilitafuta wa bibi. Nilitafuta wa bibi peke yake. Huu wa katikati sikuukumbuka mpaka Tomé alipocheka." Akaupitisha kidole juu ya ule mshono. "Ningekuambia mapema. Niliogopa, kwa sababu wewe unauliza sana."

Dona Hermínia aliguna.

Zulmira alikuwa anamfikiria yule mwanaume wa Porto, ambaye kila alichoulizwa na Natércia alikuwa na jibu safi, jibu linalomfanya yeye aonekane mwema zaidi kuliko kabla ya swali. Huyu aliyekuwa mbele yake alikuwa amejibu vibaya. Alikuwa amesema jambo linalomharibia, mbele ya shahidi, na hakuna aliyekuwa na njia ya kulijua kama asingelisema. Jambo la kuumiza halikuwa limegeuka kuwa tamu. Lilikuwa linauma vile vile. Lakini halikuwa uongo.

Alizikusanya zile nyuzi akazitupa kwenye maganda ya viazi. Mpasuo wa katikati akauacha umefungwa.

"Na wewe, hutachana wako?" Duarte aliuliza taratibu. "Namaanisha, pale katikati. Pana nafasi."

"Padri, mimi sichani nguo ya mtu ambaye mama yangu hamjui."

Akachukua simu. Baucau taa zilikuwa zimewashwa, na mama yake alikuwa anafunika cherehani. Zulmira alizungumza naye kwa Kitetum cha kwao, haraka, na Duarte aliambulia jina lake tu likipita mara kwa mara. Mama aliuliza swali moja, lile lile alilokuwa akiliuliza tangu Natércia arudi: huyo ana mtu?

"Alikuwa naye, Mama. Alikuwa anamsubiri hata siku aliyoniona mimi. Kaniambia mwenyewe, kwa mdomo wake."

Kimya kikawa kirefu, mpaka Duarte akauliza kama mtandao umekatika.

"Mgeuzie simu," mama alisema. "Kireno nakisikia. Nataka nimwone usoni akilisema tena."

Zulmira aligeuza simu. Duarte alikaza tai aliyokuwa ameilegeza, akamwamkia kwa heshima yote, akamwita Dona, kisha akalisema tena, kuanzia stesheni. Hakupunguza. Mwanamke wa Baucau alimtazama bila kupepesa, kama anavyoutazama mshono wa mwanafunzi wake. Duarte alipomaliza, akamwita binti yake.

"Kesho una darasa?"

"Ninalo, Mama. Asubuhi."

"Basi usichelewe." Akakata.

Zulmira aliiweka simu mezani, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akainuka kuchukua bakuli kabatini.

"Amesemaje?" Duarte aliuliza.

"Amesema nibaki."

"Na mimi?"

"Wewe hajakutaja." Alipakua supu, akaliweka bakuli mbele yake na kipande cha mkate wa mahindi pembeni. "Bado."

Dona Hermínia alivisukuma viazi vyake kando, akaleta vijiko.